Petroli ya baba

Ukitoka Singida mjini kuelekea Nzega, ukifika Misigiri unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kiomboi. Huko juu, kwenye uwanda wa Iramba, ndiko iliko Kinampanda. Ni mahali pa upepo. Mwezi wa sita na wa saba upepo ule unaingia hadi kwenye mifupa, na mgeni aliyedhani Singida yote ni jua na vumbi hujikuta anaulizia sweta. Mawe makubwa yamekaa mashambani kama mizigo ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, katikati ya alizeti, uwele na mtama. Kuku wanatembea kila mahali bila haraka.

Watu wengi wanaijua Kinampanda kwa jambo moja tu, chuo cha ualimu. Kina mizizi ya misheni ya Kilutheri, na baadaye kikawa cha serikali. Mimi nilifika pale kama mkufunzi mwaka 1987, nikiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Mume wangu, naye mwalimu, alikuwa amepangiwa Igunga.

Kwenye ramani Igunga na Kinampanda ni majirani. Mikoa ni miwili, Tabora na Singida, lakini kidole kimoja kinatosha kufunika nafasi iliyo kati yao. Tatizo ni kwamba ndani ya nafasi hiyo kuna Mlima Sekenke, na chini ya mlima kuna mbuga ya Wembere. Siku hizo lami haikuwepo. Ukikosa basi pale Misigiri unadandia lori, na kudandia lori na mtoto mchanga juu ya magunia si jambo la kumshauri mtu. Kwa hiyo kwa miaka miwili baba watoto tulimwona wakati wa likizo, na mara mojamoja mwisho wa mwezi. Alikuwa akifika amepauka vumbi kiasi kwamba binti yetu mkubwa siku moja alimkimbia akidhani ni mtu mwingine.

Tuliomba uhamisho. Walimu wanaosoma ukurasa huu wanajua uzito wa maneno hayo mawili, siongezi kitu. Tulipochoka kusubiri barua, tukanunua gari.

Neno gari nalitumia kwa heshima. Ilikuwa Volkswagen 1300 ya mwaka 1970, ile yenye mgongo wa mviringo, na watoto wakaiita Kobe siku ileile ilipofika. Tuliinunua mwaka 1989 kwa mzee mmoja mstaafu wa Singida mjini, kwa shilingi elfu sabini. Kwangu mimi hiyo ilikuwa mishahara ya zaidi ya mwaka mzima. Baba mkwe alitoa ng'ombe watatu, sisi tukaweka akiba yetu na fedha ya alizeti, na elfu kumi iliyobaki mzee alikubali tuimalizie kidogo kidogo. Zamani ilikuwa ya buluu. Tulipoikuta ilikuwa na rangi ya anga la mwezi wa kumi kabla ya mvua. Upande wa dereva sakafu ilikuwa na tundu, ukitazama chini unaiona barabara inavyopita.

Ndani ya kijisanduku cha mbele mzee alikuwa ameacha karatasi zake za zamani. Moja ilikuwa kibali cha kuendesha gari Jumapili alasiri. Wazazi wa umri wangu wanakumbuka: miaka ile ya uhaba wa mafuta, Jumapili baada ya saa nane mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa kuwa barabarani bila kibali. Watoto ukiwasimulia wanadhani unatunga.

Sikuwa najua kuendesha. Baba yao alinifundisha likizo ile kwenye uwanja wa mpira, huku wanachuo wamekaa pembeni wanahesabu mara ambazo injini inazimika. Baadaye nikapata leseni Singida. Mara ya kwanza kufika Misigiri peke yangu, wazee waliokuwa kivulini walisimama. Mmoja aliuliza kwa sauti gari lile linaendeshwa na nani, maana mimi ni mfupi na yeye kutoka pale alipokuwa haoni kichwa. Tangu siku hiyo nikawa nakalia mto.

Anayenunua Vitz au Passo leo, imetoka Japani na redio inayozungumza Kijapani, anapata gari zuri kuliko letu kwa kila kipimo. Ila hatapata sababu ya kulijua gari lake kama sisi tulivyomjua Kobe. Injini ilikuwa nyuma, buti lilikuwa mbele, na ilipozwa kwa upepo badala ya maji. Kwa mtu wa Singida hilo lina maana kubwa. Wakati wa kiangazi, kina mama wanapoamka alfajiri kwenda kisimani na kukaa foleni na ndoo, gari linalodai lita kadhaa za maji kila linapochemka ni mtoto wa ziada. Kobe hakunywa maji.

Alichodai ni mkanda wa feni. Mkanda uleule mmoja ndio uliozungusha dainamo na feni ya kupoza injini, kwa hiyo ukikatika lazima usimame hapohapo, la sivyo injini inaungua. Dalili yake ni taa nyekundu mbele ya dereva. Niliwafundisha watoto wote kuiangalia taa ile. Mdogo wa kiume, aliyezaliwa Kinampanda na kukulia kwenye kiti cha nyuma, alijua kusema "taa" kabla hajajua kusema "babu". Mkanda wa akiba ulikaa siku zote kwenye kijisanduku, juu ya kile kibali cha Jumapili.

Betri ilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Akikaa mtu mwenye mwili, springi za kiti zinashuka zinagusa betri, na hapo unaanza kusikia harufu ya kuungua. Nililifunika kwa kipande cha mpira wa tairi, lakini bado nilikuwa napanga abiria kwa uzito, na kuwapanga kina mama wa heshima kwa uzito bila wao kujua kwamba unawapanga kunahitaji diplomasia. "Mama, karibu mbele, huku kuna upepo." Wote walipenda kukaa mbele. Sikupata malalamiko.

Kitu kilichowafurahisha wanafunzi wangu kuliko vyote ni maji ya kuoshea kioo. Yalisukumwa na upepo wa tairi la akiba. Kulikuwa na kimpira kinachotoka kwenye tairi hadi kwenye chupa ya maji, na ukiosha kioo mara nyingi tairi la akiba linalegea. Nilikuwa nalitumia somo hilo darasani, kwenye mgandamizo wa hewa. Darasa lote lilitoka nje kwenda kuona, na baada ya somo walinisukuma hadi gari likawaka. Maana stata ilikufa mwaka wa pili na hatukuwahi kupata fedha ya kuitengeneza. Niliegesha kwenye mteremko kila nilipoweza, na pasipo na mteremko palikuwa na wanachuo.

Safari ya Igunga tulikuwa tunaondoka alfajiri ya Jumamosi, mara moja kwa mwezi. Juu Kinampanda watoto wamevaa masweta. Ukishapita Misigiri unaanza kukaribia ukingo wa Sekenke, na hapo ghafla nchi inaisha. Unaiona Wembere chini, tambarare mpaka macho yanachoka, na barabara inashuka ikijikunja kando ya mlima. Baba yao alinifundisha kanuni moja: mlima unaushuka kwa gia ambayo ungeupandia. Kwa hiyo niliweka gia ya pili tangu juu na kuacha injini ishike gari, mguu kwenye breki kwa kugusa tu. Malori yaliyopinduka yalikuwa yamelala bondeni, mengine yamekaa miaka. Watoto waliyajua yote, kila mmoja alikuwa na lori lake.

Ili wasiogope nilikuwa nawasimulia habari za dhahabu. Sekenke palikuwa na mgodi tangu enzi za Wajerumani, na dhahabu ya pale ndiyo iliyotengenezewa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, zenye picha ya tembo. Binti yangu alitaka kujua kama kuna tembo hata mmoja aliyebaki ardhini. Kila tulipofika chini tulisimama kupoza breki, na yeye alishuka na kijiti kuchimba.

Chini ni joto. Masweta yanavuliwa, vioo vinashushwa, Shelui wanauza vitu vya kula kando ya barabara. Halafu inakuja mbuga yenyewe. Kiangazi ni vumbi jeusi linaloingia kupitia lile tundu la sakafu na kutoka kupitia madirishani, likituacha wote na nyusi za mvi. Masika ni habari nyingine. Udongo ule mweusi ukilowa unashika tairi kama ugali. Hapo ndipo nilipompenda Kobe, kwa sababu uzito wa injini ulikuwa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na alikuwa anapita polepole mahali ambapo magari makubwa yamekaa yanangoja trekta. Mume wangu hakuacha kuwakumbusha walimu wenzake kwamba gari la namna hii lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1962, dereva akiwa Tommy Fjastad. Hakusema kwamba lile la Fjastad halikuwa na tundu.

Tulifika Igunga mchana. Watoto wanaruka nje kabla gari halijasimama sawasawa. Tunalala usiku mmoja, Jumapili tunarudi kuupanda mlima kwa gia ya kwanza. Masaa ishirini na kidogo ya baba kwa mwezi. Yalitutosha kwa sababu hatukuwa na mengine.

Sasa nieleze habari ya petroli, maana bila hiyo nitakuwa nimesimulia nusu.

Petroli tulinunua kwa dumu. Nilikuwa na dumu la lita ishirini ambalo nilikuwa nalijaza kidogo kidogo tangu mshahara unapotoka, na lilikaa stoo, mbali na jiko, limefungwa kwa mfuniko na kipande cha nailoni. Watoto walikatazwa kuligusa. Walilipa jina wenyewe: petroli ya baba. Kila jioni binti mkubwa alikwenda stoo kuligonga kwa kidole ili asikie limefika wapi. Kwake ule mlio ulikuwa kalenda.

Lakini gari la kwanza mahali kama Kinampanda, hata liwe bovu namna gani, haliwi la mtu mmoja. Hilo nililijua mapema. Msiba Ulemo, harusi Kiomboi, gunia la alizeti la jirani, mtoto aliyeungua uji wa moto. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kinachomoka, unakisogeza mbele kwenye reli zake mpaka kinatoka chote. Ukikitoa, mgonjwa anaweza kulala amenyoosha miguu. Mwaka wa kwanza peke yake nilikitoa mara nyingi kiasi kwamba niliweza kufanya hivyo gizani.

Usiku wa Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1991, saa saba hivi, tulisikia hodi. Alikuwa mzee jirani yetu wa upande wa juu. Nikafungua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu, utusamehe. Mke wa kijana wangu ana uchungu tangu jana jioni na mtoto hatoki. Mkunga amesema tumkimbize Kiomboi."

Tangi lilikuwa na harufu tu. Petroli iliyokuwepo Kinampanda usiku ule, kwa nilivyojua mimi, ilikuwa ile ya stoo, na Jumamosi ilikuwa siku yetu. Tena mwezi uliotangulia hatukwenda, kwa sababu ya mitihani. Nilitoa dumu. Binti yangu, miaka sita wakati huo, alikuwa ameamka na amesimama mlangoni na shuka. Aliangalia ninavyomimina kupitia kitambaa cha kanga, hakusema neno.

Vijana wanne walisukuma. Mama yule tulimlaza miguu ikielekea mbele, mama mkwe wake nyuma akimshika kichwa. Njia ya Kiomboi si ndefu, lakini kila jiwe nililokanyaga nililisikia kwenye sauti yake. Nilijikuta naendesha polepole kuliko nilivyotaka na haraka kuliko gari lilivyoweza. Katikati ya safari mama mkwe aliuliza ile taa nyekundu ni ya nini. Moyo ulisimama. Ilikuwa ni mwanga wa sigara ya mlinzi wa shamba, nje, unaoakisi kwenye kioo. Tulifika hospitali kabla ya saa tisa. Mama alipona, na mtoto wa kike akazaliwa kabla hakujapambazuka.

Nilirudi asubuhi nikakuta uji tayari na binti yangu amekaa mezani, amevaa sare. Akaniuliza: "Mama, hili gari ni letu au la watu?"

Nimelifikiria swali lile mara nyingi, nikiwa mzazi na nikiwa mwalimu. Kuna majibu mazuri ya kumpa mtoto, kuhusu kusaidiana na ujirani, na yote ni ya kweli. Lakini alikuwa amekaa wiki nane bila kumwona baba yake, na lita zile zilikuwa zake kabla hazijawa za mtu mwingine. Kumhubiria pale ingekuwa kumwibia mara ya pili. Nilimwambia, "Ni letu. Na jana tumelitoa." Alikunywa uji akaenda shule. Jioni hakwenda stoo kugonga dumu.

Ujumbe nilimtumia mume wangu kwa kondakta wa basi. Jumamosi iliyofuata, jua linazama, tuliona mtu anakuja kutoka upande wa barabara amepauka vumbi, amekumbatia kitu kifuani. Alikuwa amedandia lori kutoka Shelui, na dumu la lita tano la petroli mapajani njia nzima. Safari hii binti hakumkimbia. Alimpokea dumu, akalipeleka stoo yeye mwenyewe.

Habari ile ilizunguka. Siku chache baadaye balozi wa nyumba kumi alikuja na wazee wawili, wakakaa, wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua kwa muda mrefu kama ilivyo desturi, kisha wakasema wanataka kuleta dumu la pili. Liwe la wagonjwa. Kila nyumba ingetoa ilichonacho, aidha fedha, au kuku wa kwenda kuuzwa Kiomboi siku ya gulio. Balozi aliandika kwenye daftari. Kuna wakati dumu lilijaa, kuna wakati lilikauka miezi, hasa ule wakati wa njaa kabla ya mavuno, na wakati huo ilinibidi kuingia tena kwenye letu. Lakini kulikuwa na madumu mawili stoo, na mtoto aliyajua yapi ni yapi. Nawaambia wazazi wenzangu, kwa mtoto hiyo ni tofauti kubwa.

Barua ya uhamisho ilitoka mwaka 1994. Baba watoto akahamia shule ya jirani, na kwa wiki nzima watoto walimfuata hadi chooni. Kobe akabaki bila mlima wa kupanda. Mwaka uliofuata binti mkubwa alikuwa anakaribia sekondari ya bweni, sanduku, godoro na ada vilikuwa vinatungoja, na sakafu sasa ilikuwa tundu lenye gari pembeni. Fundi mmoja wa Singida alinipa laki moja na nusu. Watoto walitoa mkanda wa akiba kwenye kijisanduku wakabaki nao, na kile kibali cha Jumapili ninacho mimi mpaka leo, ndani ya Biblia.

Binti yule sasa ana watoto wake na anaishi Mwanza. Wanapokuja Kinampanda wanaupanda Sekenke juu ya lami, kwenye gari lenye kiyoyozi, na wajukuu wangu mara nyingi wamelala. Yeye huwaamsha hapo. Anasema hana cha kuwaonyesha, malori yale yalishaondolewa, lakini anawaamsha.

Miaka michache iliyopita nilipita kwa yule fundi, kwa sababu nilisikia bodi bado liko uani kwake. Nililikuta nyuma ya uzio, halina magurudumu, halina vioo. Kuku walikuwa wanatagia kwenye buti la mbele, na yeye alikuwa amewatandikia majani vizuri. Nilimuuliza viti vilikwenda wapi. Akasema vya nyuma vilioza, ila kile cha mbele, kile kinachochomoka, kipo dukani kwa mke wake, wateja wanakikalia wakisubiri chenji.